Imebaki Kidogo Tu

Mwende mwanangu,

Umetoka tangu asubuhi kwenda mazoezi ya kwaya na kuaga wenzako, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, maana hao wasichana wakianza kulia hawajui kuacha. Nimefunga kibanda mapema. Majirani wameniuliza kama naumwa. Nimewaambia nina barua ya kuandika, wakacheka, ati fundi wa redio anaandika barua dunia hii ya simu. Wacha wacheke. Kwa simu ningekutumia maneno mawili na kale kapicha ka mikono inayoomba, yaishe hivyo.

Habari za sabuni, sweta na dawa ya tumbo shangazi yako amekwambia zote, na nyingine amekwambia mara tatu. Huko sina la kuongeza. Naandika kwa sababu ya neno ulilosema jana tukila, ukiwa umeinamia sahani. Ulisema, "Baba, mimi naona nikae tu mwaka huu. Nitaomba nafasi tena mwakani. Macho yako yamechoka, utashika waya gani peke yako? Na wewe pia ulikaa hapa kwa sababu yangu."

Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Haki sikukubali, Mwende. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu hilo la mwisho si kweli, na aliyekufundisha kulisema ni mimi.

Usiporipoti chuoni Jumatatu, nafasi yako ya uuguzi inapewa mtu mwingine. Barua yao imesema hivyo na tumeisoma pamoja. Kwa hivyo nina leo tu ya kukwambia ukweli. Ukweli wenyewe ni mrefu kidogo, kaa chini usome.

Unaijua ile redio kubwa ya mbao, iliyokaa chini ya gunia hapa kwetu Kambi Muru, Kibera, tangu ukiwa mdogo. Ulikuwa ukiiita kabati ya Baba. Ni redio ya Kijerumani, ya valvu, yaani ile ya zamani ambayo ndani yake kuna vichupa vya kioo, na lazima vipate moto kwanza ndipo redio iongee. Mbele ina kitambaa cha rangi ya dhahabu, chini vitufe vyeupe vya kubonyeza, katikati kioo chenye majina ya miji ambayo mimi na wewe hatutafika, na juu kuna kijicho cha kijani kinachofumba ukipata stesheni vizuri. Uliniuliza mara nyingi ni ya nani. Nilikwambia ni ya mteja. Ukiuliza anakuja kuichukua lini, nilikwambia imebaki kidogo tu.

Mteja huyo anaitwa Mzee Lumbasi. Wakati huo tulikaa Kongo, kule Kawangware. Wewe ulikuwa na miaka sita na marehemu mama yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Mzee alikuja na redio kwenye mkokoteni, imefungwa blanketi, yeye akitembea kando ameishika kwa mkono, akimkemea mwenye mkokoteni kwa kila shimo. Alikuwa mpishi wa watu maisha yake yote. Mwajiri wake wa mwisho alipohama nchi alimwachia hiyo redio, tayari imeshanyamaza miaka mingi.

Akaniambia, "Fundi, mimi nimemaliza na Nairobi. Disemba narudi nyumbani, magharibi, nikae. Nimepikia watu mpaka mgongo umepinda, na kitu cha kuonyesha ni hiki tu. Siendi bila hiki. Kikisema, siku hiyo hiyo napanda gari."

Nikamwambia, "Mzee, nipe wiki mbili."

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu halikuwa kosa la kutojua. Mtu aliyenifundisha kazi alinikataza jambo moja kuliko yote: redio iliyolala miaka usiichomeke kwenye stima moja kwa moja. Ndani kuna kapasita, vidude vya karatasi na nta vya kushika stima, na zikizeeka zinavuja. Kwanza unazibadilisha. Halafu unaipitishia redio stima kupitia balbu, ile ya zamani yenye waya ndani. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, ujue ndani kuna shoti, zima haraka. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, redio iko salama. Ni kazi ya siku mbili tatu, ya mtu mwenye subira. Nilijua yote hayo kama ninavyojua jina langu.

Lakini ilikuwa Jumamosi, na watu walikuwa wamejaa kibandani. Si unajua watu wa mtaa wakiona kitu kikubwa? Mmoja akasema, "Huyu hawezi, hiyo ni ya makumbusho." Mwingine, "Aweze wapi, huyu ni wa kuchomea waya za earphone." Wakacheka. Nilikuwa mjane hata mwaka haujaisha, Mwende, watu wote waliniangalia kwa huruma, na huruma nilikuwa nimeichoka. Nilitaka siku hiyo waniangalie vingine. Mtu akasema, "Washa tuone!" Nikachomeka.

Na ikawaka! Hicho ndicho kitu kilichonimaliza. Vichupa vikawa vyekundu, jicho la kijani likafunguka, spika ikanguruma, halafu gitaa likatoka humo ndani, zito, tamu, sauti ambayo hizi redio zetu za plastiki haziijui. Watu wakapiga kelele. Mama wa mahindi akacheza na gunzi mkononi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya kaunta unapiga makofi, na mimi nikasimama hapo nikajiona mwanamume. Ilidumu labda dakika moja. Kisha ikaja harufu ya nta, moshi ukatoka nyuma, gitaa likakatika. Kapasita ilipiga shoti ikaondoka na transfoma, lile donge la chuma na waya linalopokea stima. Transfoma ikiungua, redio ya namna ile imekufa, na hakuna duka la kununua nyingine.

Mzee alikuja kesho yake, ametoka kanisani, kofia mkononi. Alikuwa amesikia mtaani kwamba redio imeimba. Alikuwa anacheka kabla hajafika. Nikafungua mdomo niseme, Mzee, imeungua. Kikatoka kitu kingine kabisa. Nikasema, "Mzee, imebaki kidogo tu."

Umekulia kibandani, unajua hilo ni neno la mafundi wote. Fundi wa viatu analo, fundi wa nguo analo, na wa kitanda pia. Kesho jioni. Spea imeagizwa. Imebaki kidogo. Mteja anajua ni uongo, fundi anajua kwamba mteja anajua, maisha yanaenda. Lakini Mzee Lumbasi alikuwa mtu wa jikoni. Jikoni ukisema imebaki kidogo, chakula kiko karibu kuiva. Aliniamini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Akawa anakuja kila Ijumaa. Nilijua kikohozi chake kutoka mbali. Nikikisikia nilikuwa nainama chini ya kaunta, mtu mzima mwenye ndevu, nimekunjama katikati ya maboksi ya waya, na wewe unasimama mbele. Nilikuwa nimekufundisha la kusema: "Baba ameenda mjini kutafuta spea." Ulilisema vizuri. Siku moja ukaongeza la kwako, "Ameenda na basi kubwa." Mzee akakununulia mandazi kwa sababu umekuwa msichana wa adabu. Nilikuwa hapo chini, Mwende. Niliiona miguu yake na niliyasikia yote. Ukaniletea nusu ya hilo mandazi, na nikala.

Disemba ikapita. Mzee akasema, "Basi nitaenda Aprili." Aprili ikapita. Akasema acha tumalize mwaka. Na mimi Kawangware ikaanza kuwa ndogo. Kwanza niliacha kupita barabara ya kanisa lake. Halafu nikaacha kununua mboga pale mbele ya ploti yake, nikawa nazunguka nyuma ya posho mill kwenye tope. Halafu nikabadilisha laini ya simu. Mwishowe nilikuwa natoka nyumbani kwenda kibandani kwa njia moja tu, nikiangalia nyuma, na hakuna aliyenifungia. Nilijifungia mwenyewe.

Ulipofika miaka minane, Jumapili moja Mzee akiwa ibadani, nilipakia vitu vyetu tukahamia huku Kibera. Unakumbuka nilikwambia nini? Nilikwambia tunakuja karibu na shule nzuri na shangazi yako. Niliwaambia watu wote hivyo. Shangazi yako alilia, akasema ndugu yangu ni baba wa kweli. Wapangaji walinipa mkono. Mwanangu, nilikuwa natoroka mzee mwenye kofia. Na redio nikaibeba, kwa sababu nilijiambia nitaitengeneza nimrudishie, na pia nikiiacha wangefungua wakaona imeungua.

Halafu Mutua. Unamjua, tulijifunza kazi pamoja. Ukiwa darasa la tano alinipigia kutoka Machakos. Amepata duka la ukweli, lenye mlango na dirisha, barabarani, anataka mtu wa kushika upande wa redio na televisheni. Aliniita miezi mitatu mfululizo. Nikamwambia, "Mutua, nina mtoto, siwezi kumhamisha-hamisha." Akaniheshimu sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepiga hesabu yangu ya kijinga: nikienda Machakos na redio ya mtu, huo ni wizi kamili, nikibaki Nairobi, nimechelewesha tu. Ona akili ya mtu aliyekwama! Wewe ungekuwa na furaha Machakos. Ungelala chumba chako. Nilikunyima hilo, kisha nikakuonyesha kama zawadi.

Na sikuishia hapo. Kila uliponikosea nilikuwa na fimbo tayari: "Mimi nimekaa kwenye vumbi hili kwa ajili yako." Darasa la sita ulirudi na alama mbaya za hesabu nikakwambia hivyo mbele ya wateja wawili. Ulilia ukaenda kukoroga uji huku unalia. Huo uji niliunywa kama haki yangu. Nisamehe. Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika neno hilo na sijaipata, kwa hivyo lichukue hivyo hivyo.

Barua ya chuo ilipokuja, uliruka ukagonga kichwa kwenye bati. Halafu ukaniangalia, na ile furaha ikakutoka usoni mbele yangu. Ulikuwa unanihesabu mimi. Nikajisemea, basi, yule mtoto wa kaunta bado amesimama pale mbele ananikinga. Kesho yake nikatoa gunia.

Kazi yenyewe usione kama muujiza. Transfoma ukiamua unaweza kuifuma upya. Unafungua lile donge, unatoa waya ulioungua mzunguko mmoja mmoja huku unahesabu, halafu unazungusha waya mpya wa shaba, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, mizunguko ile ile, karatasi katikati, polepole. Ukipoteza hesabu unaanza upya. Nilipoteza mara nne. Mara moja ni wewe uliingia ukasema "Baba, chai," nikakufokea, ukashangaa nimepatwa na nini. Miaka yote hiyo nilijiambia haiwezekani, kumbe nilichokosa ni kukaa chini. Nilibadilisha kapasita zote, nikasafisha soketi za vichupa kwa spiriti, nikapaka mbao mafuta. Halafu nikaiweka nyuma ya balbu kama nilivyofundishwa. Balbu ikawaka, ikafifia. Redio ikakaa kimya kidogo, ikaongea. Hakukuwa na mtu kibandani, na sikumwita mtu.

Nilikwambia mteja ameshaichukua. Hapana. Jumanne niliipeleka Kongo, kwenye mkokoteni, ndani ya blanketi letu.

Nilidhani nitaambiwa amekufa. Nakuambia ukweli wote, sehemu yangu moja ilitumaini hivyo. Nikamkuta ploti ile ile, mlango ule ule, ameketi kwenye kistuli anakaanga chapati za kuuza. Amekuwa mdogo. Akaniangalia, akaangalia blanketi.

"Fundi," akasema. "Kumbe mjini ni mbali."

Nikamwambia hapo hapo nisije nikainama tena. "Mzee, nilikudanganya. Redio iliungua siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeiunguza."

Akageuza chapati. "Siku ile iliyoimba?"

"Siku hiyo."

"Na ile imebaki kidogo?"

"Hakukuwa na kidogo, Mzee. Ilikuwa imekufa."

Akakaa na kijiko mkononi mpaka chapati ikaanza kuungua na hakuitoa, yeye mpishi. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, hata hakunikaripia, "Kijana, si ungesema tu? Ningelia siku mbili, halafu ningeenda nyumbani bila redio."

Akanieleza. Mwaka ule shamba lake lilikuwa wazi, linamngoja. Alikaa mwaka mmoja, kisha wa pili, kwa ajili ya neno langu, na watoto wa ndugu zake wakaona harudi, wakajenga. Alipokwenda akakuta mabati ya watu na watoto wa watu. Akarudi Kongo, na yuko hapo. Mimi nilikuwa najiona ndiye niliyefungwa, na kumbe nilikuwa nimemfungia mzee wa watu na ufunguo ninao mimi.

Sikumwomba msamaha kwa maneno mengi na yeye hakusema amenisamehe. Aliniambia, "Weka hapo ndani, kitandani, kuna panya chini." Nikaweka. Hakuiwasha. Akanifungia chapati mbili kwenye gazeti, na nilipogeuka akaniita, "Na yule mtoto wa spea?" Nikamwambia anaenda kusomea uuguzi Eldoret, Jumapili. Akasema, "Msimcheleweshe," akarudi kwa unga wake.

Nilirudi kwa miguu. Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Wapi! Nilifika hapa jioni, kibanda ni kile kile, mtaro ni ule ule, stima imekatwa, na nina miaka hamsini na mbili. Ukweli haukunifungulia mlango wowote. Macho yangu ni kweli yamechoka, na usiku wa kesho, wa kwanza bila wewe, nauogopa, sitakudanganya hata hilo. Lakini hiyo si kazi yako. Wewe unaniambia "mwaka mmoja tu" kwa sauti ile ile niliyomwambia Mzee imebaki kidogo, na tofauti ni kwamba wewe unasema kwa upendo. Mwaka mmoja kwa upendo unakula shamba vile vile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lako bado ni changa.

Huko utakosea, hakuna fundi asiyeunguza. Utampa mgonjwa dawa ya mwingine, au utasahau kitu. Sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wamejaa. Sina mafundisho mengine. Hilo moja limenigharimu vya kutosha.

Sasa jambo la mwisho, na usinune. Mimi najijua. Kesho asubuhi nikikuona na begi mlangoni, nitakohoa. Nitashika kiuno. Nitasema, "Nenda tu mama, mimi nitajikaza," kwa ile sauti, na wewe utaweka begi chini. Kwa hivyo nimefanya kitu leo wakati bado nina nguvu. Kitanda chako nimempa Mama Brayo wa nyumba ya tatu. Wamekuja na spana, wakakifungua, wakakipitisha mlangoni vipande vipande, na godoro juu ya kichwa. Alikataa mara mbili, nikamlazimisha. Pale pako nimesogeza meza ya kazi, nimepigilia na rafu, misumari ya inchi nne. Nililia nikipigilia, Mama Brayo ameniona, atakwambia.

Leo lala kwenye kitanda changu, mimi kochi linanitosha. Ukija likizo utakuja kama mgeni, nitakuazimia godoro. Lakini kuanzia kesho, Mwende, hapa hakuna mahali pako pa kulala.

Baba yako